Paka wa Modo

Tarehe 1 Agosti 1954, gazeti moja la Kumamoto, kusini mwa Japani, lilitoa habari fupi kuhusu panya. Wakazi wa Modo, kitongoji cha wavuvi chenye kaya 120 hivi pembezoni mwa mji wa Minamata, walikuwa wamepeleka ombi kwa wakuu wa mji: wasaidiwe kuangamiza panya. Panya walikuwa wamezaliana kupita kiasi kwa sababu paka walikuwa wamekwisha. Paka zaidi ya mia moja walikuwa wamekufa, na hawakufa kifo cha kawaida. Walitetemeka, wakazunguka papo hapo, wakakimbia ovyo na kujigonga, wengine wakatumbukia baharini. Watu waliomba paka wengine kutoka sehemu nyingine. Hao nao wakaja, wakaanza kucheza ngoma ileile, wakafa. Gazeti liliongeza kwamba Modo haina mashamba ya mpunga, kwa hiyo haikuelekea kuwa dawa za kilimo. Basi, ajabu tu.

Mtu yeyote aliyekulia pwani anajua paka wa kijiji cha wavuvi anakula nini. Anasubiri pale mitumbwi inapotia nanga, anakula vichwa, matumbo na vidagaa vinavyodondoka kwenye tenga. Hana mlo wa pili. Kama kuna kitu ndani ya samaki, yeye ndiye wa kwanza kukipata, na hana pa kukisemea.

Kiwanda kilikuwapo Minamata tangu 1908. Kampuni iliyokuja kujulikana kwa jina la Chisso ilijijenga kwa mbolea, na mwaka 1932 ikaanza kutengeneza asetaldehaidi, kemikali inayozaa kemikali nyingine nyingi. Baada ya vita, wateja wake wakubwa walikuwa watengenezaji wa plastiki, waliohitaji viungo vya kuilainisha. Kichocheo cha kazi hiyo kilikuwa zebaki. Majitaka yalipita kwenye mfereji hadi bandari ndogo ya Hyakken, na kutoka hapo yakaingia ghubani. Sisi tunaookota chupa na mifuko ufukweni siku za usafi huwa hatulifikirii hili, kwamba plastiki ilianza kuchafua bahari kabla hata haijawa plastiki.

Wavuvi hawakukaa kimya. Mwaka 1926 kampuni ilikipa chama chao yen 1,500, kwa sharti kwamba hawataleta malalamiko tena milele. Mwaka 1943 kilipewa yen 152,500 nyingine. Naiona mikataba hii miwili kuwa mwanzo halisi wa mkasa, mapema kuliko ugonjwa wenyewe. Pande zote mbili zilikubaliana kwamba bahari ni kama shamba: mwenye shamba akilipwa fidia ya mazao, maneno yamekwisha. Aliyekula samaki hakuwa mhusika wa mkataba.

Ili kuelewa kwa nini hakuna aliyeulizwa zaidi, inabidi kuujua mji wenyewe. Minamata ya miaka ya 1950 ilikuwa na watu takriban 50,000. Kufikia 1960 robo ya ajira zote za mji zilikuwa za Chisso, na mwaka uliofuata zaidi ya nusu ya mapato ya kodi ya mji yalitoka kwa kampuni hiyo na matawi yake. Meya kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo alikuwa Hashimoto Hikoshichi, mhandisi aliyewahi kukiongoza kiwanda na kushiriki kubuni njia ileile ya kutengeneza asetaldehaidi kwa zebaki. Hospitali bora mjini ilikuwa ya kiwanda. Kuoa mfanyakazi wa kiwanda au kuolewa naye kulikuwa bahati. Wavuvi waliishi pembeni, kwenye vitongoji vya Modo, Yudo na Tsukinoura, na chakula chao kilikuwa kile walichovua, asubuhi, mchana na jioni.

Tarehe 21 Aprili 1956 mtoto wa kike wa miaka mitano alifikishwa kwenye hospitali ile ya kiwanda. Hakuweza kutembea sawasawa, maneno yalikuwa hayatoki vizuri, alikuwa akishikwa na degedege. Siku mbili baadaye mdogo wake naye alianza dalili zilezile, na mama yao akasema mtoto wa jirani pia yuko hivyo. Mkurugenzi wa hospitali, daktari Hosokawa Hajime, hakungoja. Wenzake walipita nyumba kwa nyumba wakapata wagonjwa wengine wanane. Tarehe 1 Mei alitoa taarifa kwa ofisi ya afya kwamba kuna ugonjwa usiojulikana wa mfumo wa fahamu. Kufikia Oktoba walikuwa wamejulikana wagonjwa 40, na 14 kati yao walikuwa wamekwisha kufa.

Kwanza watu walidhani unaambukiza. Nyumba za wagonjwa zilipuliziwa dawa, mali zao zilikwepwa. Baadhi ya wenye maduka hawakutaka kupokea fedha kwa mkono kutoka kwa watu wa nyumba hizo. Kisha mwezi Novemba watafiti wa Chuo Kikuu cha Kumamoto walisema kwamba haukuwa ugonjwa wa kuambukiza. Ilikuwa sumu, huenda ya metali nzito, na ilipita kwa samaki na chaza wa ghuba. Ungetarajia unyanyapaa uishe. Haukuisha, ulibadilika tu. Sasa mgonjwa alikuwa mtu anayeharibu soko la samaki la wenzake, na anayekihatarisha kiwanda kinacholisha mji. Kuna familia zilizowaficha wagonjwa wao ndani kwa sababu hiyo.

Mwaka 1957 wakuu wa mkoa wa Kumamoto walijiuliza swali la busara: kwa nini tusizuie samaki wa ghuba wasiuzwe, kwa kutumia sheria ya usalama wa chakula? Wakaandika Tokyo kuuliza. Wizara ya Afya ilijibu Septemba kwamba, kwa kuwa hakuna ushahidi wa wazi kuwa samaki wote na chaza wote wa ghuba wana sumu, sheria haiwezi kutumika. Jibu hilo nimelirudia mara nyingi. Neno lenye uzito ndani yake ni “wote”. Kwa kipimo hicho, ingebidi kila samaki wa Minamata apimwe na kukutwa na hatia kabla mtu mmoja hajakatazwa kumla. Uvuvi ukabaki kuwa suala la hiari. Wavuvi waliombwa wajizuie, bila kupewa kitu kingine cha kula.

Nyuma ya uzembe huo kulikuwa na imani ambayo bado iko hai: bahari ni kubwa, itazimua. Tia chumvi kidogo kwenye pipa la maji, hutaisikia. Kwa vitu vingi ni kweli, na kwa zebaki ya kawaida iliyo kwenye maji ya bahari ni kweli kwa kiasi. Lakini mitambo ya Minamata ilitoa zebaki ya methili, ambayo viumbe huinyonya na hawajui kuitoa haraka. Mwani na vijidudu vya maji hupata kidogo. Vidagaa vinavyokula vijidudu hivyo hupata zaidi, samaki mkubwa anayekula vidagaa maisha yake yote huhifadhi hesabu nzima, na mvuvi anayemla samaki huyo mara tatu kwa siku hupokea jumla. Wakati wanadamu wanategemea bahari izimue, uhai ndani yake unakusanya. Ubaya zaidi ni kwamba ndani ya mwili sumu hii hujishikiza kwenye viungo vya protini na kufanana na chakula. Mwili huibeba wenyewe hadi kwenye ubongo, kama anayempokea mgeni na kumfungulia chumba cha ndani.

Na hadi tumboni mwa mama. Daktari kijana aitwaye Harada Masazumi, aliyekuwa akitembelea vitongoji hivyo kuanzia 1961, alisimulia mara nyingi baadaye jinsi alivyokutana na mama mwenye wavulana wawili wenye ulemavu unaofanana. Mkubwa alikuwa ametambuliwa kuwa na ugonjwa wa Minamata. Mdogo alisemekana kuwa na ulemavu mwingine wa kuzaliwa, kwa sababu hajawahi kula samaki. Mama akamwambia: samaki niliwala mimi, sumu ikaenda kwa mtoto. Vitabu vya utabibu vya wakati huo vilikuwa na hakika kwamba kondo la nyuma humkinga mtoto dhidi ya sumu. Mama hakuwa amevisoma, na alikuwa na haki. Mwishoni mwa 1962 watoto 16 walitambuliwa kuwa walipata sumu kabla ya kuzaliwa.

Uthibitisho mwingine ulitoka mahali ambapo Mswahili anaweza kupaelewa bila maelezo marefu. Kwetu kitovu huzikwa, na mtu akitaka kukuonyesha kwao atasema ndipo kilipozikwa kitovu chake. Kule Japani kitovu hukaushwa na kutunzwa ndani ya kisanduku kidogo cha mbao, mama akakihifadhi miaka na miaka. Harada aliwaomba akina mama wa Minamata visanduku vyao, wakampa. Ndani ya vile vipande vikavu, mwaka hadi mwaka, kulikuwa na zebaki. Kumbukumbu ambazo kiwanda hakikutaka kuzitoa zilikuwa zimetunzwa makabatini mwa wavuvi.

Sasa niuseme mwaka 1959, kwa sababu anayedhani Minamata ilitokana na kutojua anapaswa kuusoma mwaka huo. Mwezi Julai watafiti wa Kumamoto walitangaza kwamba sumu ni zebaki ya kikaboni. Vipimo vya matope ya mdomo wa mfereji wa kiwanda vilionyesha kilo 2 za zebaki kwa kila tani, kiasi ambacho kingeweza kuchimbwa kwa faida kama madini. Baadaye kampuni kweli ilianzisha tawi la kuyachekecha matope hayo na kuuza zebaki iliyopatikana. Ndani ya hospitali ya kiwanda, Hosokawa alikuwa akilisha paka chakula kilichochanganywa na majitaka ya mtambo wa asetaldehaidi. Tarehe 6 Oktoba paka nambari 400 alianza kutetemeka na kuzunguka kama wale wa Modo. Daktari aliwaarifu wakuu wake. Majaribio yalizuiwa na matokeo yakafungiwa.

Kamati ya ushauri ya Wizara ya Afya nayo ilifikia hitimisho la zebaki ya kikaboni tarehe 12 Novemba, na kesho yake ikavunjwa. Nafasi yake ilijazwa na nadharia nyingine. Mkurugenzi wa chama cha viwanda vya kemikali alisema ni mabomu ya vita yaliyotupwa baharini, profesa mmoja wa Tokyo akasema ni sumu ya samaki waliooza. Hakuna aliyehitaji nadharia hizi zikubaliwe. Zilihitajika tu kuwepo, ili mtu aweze kusema wataalamu bado hawajaafikiana. Msomaji wa siku hizi ameshauona mchezo huo, kwa tumbaku na kwa mabadiliko ya tabianchi.

Mwezi Desemba kiwanda kilizindua mtambo wa kusafisha majitaka, na rais wa kampuni akanywa bilauri ya maji mbele ya wageni kuonyesha usalama wake. Mtambo huo haukuundwa kuondoa zebaki ya kikaboni. Na tarehe 30 Desemba, siku moja kabla ya mwaka kwisha, familia za wagonjwa, zikiwa na njaa na zimetengwa, zilitia saini mkataba wa “fedha za pole”: yen 300,000 kwa kila aliyefariki, 100,000 kwa mwaka kwa mtu mzima aliye hai, 30,000 kwa mtoto. Kifungu kimoja kilisema kwamba hata ikija kuthibitika kuwa kiwanda ndicho chanzo, hawatadai kitu kingine. Anayeandika kifungu kama hicho anajua kinachokuja. Mkataba wa 1926 ulikuwa umerudi, na safari hii bei iliyokubaliwa ilikuwa ya watu.

Hapo ndipo ninapotofautiana kidogo na kauli tuliyoizoea kwenye mabango na semina, kwamba uchafuzi wa bahari unamhusu kila mtu. Ni kweli, lakini ikisemwa upesi inaficha jinsi mambo yanavyokwenda. Minamata iliweza kuendelea kwa sababu, kwa miaka mingi, ilionekana haimhusu kila mtu. Faida iliwafikia waliokula nyama ya dukani, Tokyo na Osaka. Hasara iliwafikia waliokula cha ghubani. Katikati palikuwa na mji ulioogopa kupoteza mshahara. Mpaka huo ulionekana imara hadi maji yalipouvuka. Septemba 1958 kampuni ilikuwa imehamishia majitaka kutoka Hyakken hadi mdomo wa mto Minamata, nje ya ghuba. Miezi michache baadaye wagonjwa walianza kuonekana vijiji vya kaskazini. Nywele za mwanamke mmoja wa kisiwa cha Goshonoura, ng'ambo ya bahari ya Shiranui, zilipimwa na kukutwa na zebaki sehemu 920 kwa milioni, wakati mtu wa kawaida wa mkoa huo alikuwa na 4 hivi. Mwaka 1965 ugonjwa uleule ulizuka Niigata, upande wa pili wa nchi, kando ya mto Agano, chini ya kiwanda cha kampuni nyingine kilichotumia njia ileile.

Chisso iliacha kutumia zebaki kutengeneza asetaldehaidi Mei 1968, wakati teknolojia hiyo ilikuwa imepitwa. Septemba mwaka huohuo, miezi minne baada ya kusimama kwa mitambo, serikali ilitangaza rasmi kwamba kiwanda ndicho chanzo. Hosokawa alitoa ushahidi wa paka 400 mwaka 1970 akiwa kitandani hospitalini, akafariki miezi michache baadaye. Machi 1973 mahakama ya Kumamoto iliipata kampuni na hatia na kuubatilisha ule mkataba wa fedha za pole kuwa unapingana na maadili. Mwaka 2004 Mahakama ya Juu ikasema serikali na mkoa nao wanawajibika kwa kutoizuia.

Zebaki yenyewe haikubaki historia ya Japani. Geita, Kahama, Chunya, Migori, mchimbaji mdogo husaga mawe, huyaosha kwenye mialo, kisha hutia zebaki ikamate chembe za dhahabu. Donge hukamuliwa kwa kitambaa na kuchomwa motoni, zebaki hupanda mvuke, dhahabu hubaki. Uchimbaji wa namna hii ndio chanzo kikubwa kuliko vyote cha zebaki ambayo binadamu huiingiza hewani duniani. Mvuke huo unaweza kusafiri miezi kabla ya kushuka na mvua, nchi kavu au baharini, na kwenye matope na kina cha maji bakteria huigeuza kuwa ile ya methili. Ndiyo maana wajawazito katika nchi nyingi hushauriwa kutokula papa wala nduaro, na kupunguza jodari wakubwa. Kiwango kilichomo kwenye papa mkavu wa sokoni hakikaribii cha ghuba ya Minamata, na sitaki mtu aache samaki kwa sababu yangu. Ninachotaka aone ni mgawanyo. Anayevuta mvuke wa kwanza ni kijana aliyeinamia kikaango cha donge, mara nyingi nyumbani kwake, watoto wakiwa karibu. Anayevaa pete yuko mbali.

Mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki uliidhinishwa Oktoba 2013 mkoani Kumamoto, ukapewa jina la Minamata, na ulianza kazi 2017. Tanzania na Kenya ni wanachama. Katika ufunguzi, waziri mkuu Abe Shinzo alisema kwa njia ya video kwamba Japani imeyashinda madhara ya zebaki, na wagonjwa waliokuwa hai walikasirika. Miongoni mwao ni Sakamoto Shinobu, aliyezaliwa 1956 akiwa tayari na sumu mwilini, na aliyepelekwa Stockholm akiwa msichana mwaka 1972 ili mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu mazingira umwone. Alikwenda Geneva 2017, kwenye mkutano wa kwanza wa nchi wanachama, kuwaambia kwamba ugonjwa huo haujaisha.

Ghuba yenyewe ilikombwa matope kuanzia 1977 hadi 1990. Sehemu iliyochafuka zaidi ilifukiwa ikawa hekta 58 za nchi kavu, sasa ni bustani. Wavu uliozuia samaki wasitoke uliondolewa 1997. Waliotambuliwa rasmi kuwa wagonjwa ni zaidi ya 2,200, na makumi ya maelfu wengine wamepata malipo kwa mipango ya baadaye bila kupewa jina hilo. Kesi bado zipo. Septemba 2023 mahakama ya Osaka iliwakubali walalamikaji wote 128, na mwezi Machi uliofuata mahakama ya Kumamoto iliwakataa wengine waliodai jambo hilohilo.

Tarehe 1 Mei 2024, miaka 68 tangu taarifa ya Hosokawa, Waziri wa Mazingira alikwenda Minamata kwenye kumbukumbu ya waliofariki, kisha akaketi kuwasikiliza wawakilishi wa waathirika. Kila kikundi kilipewa dakika tatu. Mzee wa miaka 82 alikuwa akimzungumzia mkewe, aliyekufa bila kutambuliwa kuwa mgonjwa, dakika zake zilipokwisha, na ofisa wa wizara akazima kipaza sauti. Wiki moja baadaye waziri alirudi kuomba radhi.